Salamu Nisiyoiitikia

Kijana mmoja alinitolea salamu mchana kweupe, mbele za watu, nami sikumwitikia. Kosa lenyewe ndilo hilo. Lingeishia hapo ningeliweka katika yale makosa ya kila siku ambayo mtu huyaombea maghufira baada ya isha akalala. Lakini niliongeza maneno mawili matatu juu yake, jioni yake nikadanganya, na siku ya tatu nikataka kulifuta kwa pesa. Mke wangu anajua nusu ya habari hii. Nusu ya pili ataisoma hapa.

Ilikuwa Aprili 2019, wiki ya Pasaka ya Wakristo, katika mji wa San Fratello, kaskazini mwa kisiwa cha Sicily, Italia. Nilikuwa nimekwenda Palermo kwa mafunzo ya siku kumi. Yalipomalizika viza yangu ilikuwa imebakiza siku sita, na tiketi ya ndege ilikuwa ya aina ile isiyobadilishika. Wenzangu wakaenda Roma. Mimi, mwalimu wa historia kutoka Tanga, nikaamua kupanda mlimani kwa ajili ya mtu aliyekufa mwaka 1589.

Mtu huyo ni Benedetto, ambaye Waitaliano humwita il Moro kwa sababu ya weusi wake. Wazazi wake walikuwa Waafrika watumwa. Yeye alizaliwa San Fratello katika miaka ya 1520, akapewa uhuru tangu utotoni. Alilima kwa maksai, akachekwa kwa rangi yake, akajiunga na wakaa-pweke wa milimani, kisha akaingia monasteri ya Wafransisko pale Palermo, akawekwa jikoni. Mwaka 1578 watawa wakamchagua kuwa mkuu wao, na alikuwa hajui kusoma wala kuandika. Mwaka 1807 Papa akamtangaza mtakatifu. Mimi si Mkristo, lakini mtu aliyekulia pwani, ambaye kila mwaka hupeleka wanafunzi Bagamoyo kuonyeshwa njia ya misafara, akisikia kwamba mtoto wa watumwa weusi ndiye msimamizi wa mji wa Wazungu, lazima miguu imwashe.

Treni hukuacha chini pwani, Acquedolci. Hata mji huo mdogo umezaliwa na mlima: mwaka 1922 ardhi iliporomoka San Fratello, na waliopoteza nyumba wakahamishiwa huku chini. Februari 2010 mlima ukaporomoka tena, watu wapatao elfu mbili wakatolewa majumbani. Basi dogo lilipokuwa likipinda na kupinda kwenda juu, niliona nyumba zilizopasuka katikati, madirisha yake yakitazama hewani. Ukifika, mji umekaa juu ya mgongo wa kilima, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, nyumba za mawe zikishuka ngazi kwa ngazi kama watu waliopanga foleni. Asubuhi isiyo na ukungu unaiona bahari yote, na visiwa vya Aeolian vimeelea kwa mbali. Asubuhi za namna hiyo nilipata moja.

Nilipanga chumba cha juu kwa bibi mmoja mjane, wa miaka sabini na kitu. Alikuwa na jiko la kuni, televisheni isiyozimwa, na Kiitaliano alichokizungumza kwa ajili yangu tu. Kwa majirani aligeukia lugha nyingine kabisa. Watu wa San Fratello wana lugha yao, iliyoletwa na walowezi kutoka kaskazini mwa Italia zama za Wanormani, na karne tisa baadaye bado wanaitumia, huku vijiji vya jirani vikisema Kisicilia. Nilifikiria watu wa Barawa kule Somalia na Chimwini chao, Kiswahili kilichosalia peke yake kati ya lugha nyingine. Nilijisikia mjanja kwa ulinganisho huo. Nilijisikia mjanja sana siku zile.

Usiku wa kwanza bibi aliandaa meza: mkate, zeituni, maharage mabichi yaliyopondwa, na jibini lao liitwalo provola, lenye umbo la kibuyu. Palikuwa na soseji pia, za nguruwe weusi wa milima ile ya Nebrodi, ambazo ni fahari yao. Kabla sijafungua mdomo akaivuta ile sahani upande wake, akasema, “Hii si yako, najua.” Nikashangaa. Nikaamua kwamba amesoma jina langu kwenye oda ya chumba akaunganisha mambo. Sikumwuliza. Laiti ningemwuliza, nisingekuwa na cha kuandika leo.

Nitaeleza hali niliyokuwa nayo, na msomaji asiichukue kuwa utetezi. Kuipata viza ile nilipeleka taarifa ya benki ya miezi sita, barua ya mwajiri, cheti cha ndoa, na bima ya euro 30,000, ambazo sitazishika maishani mwangu. Uwanja wa ndege nilitolewa kwenye foleni nikakalishwa kwenye benchi saa nzima, mikoba ya wenzangu ikizunguka. Katika kituo kimoja cha treni askari wawili walipita jukwaa zima, wakawapita watu kama arobaini, wakasimama mbele yangu: karatasi. Kwenye treni mama mmoja aliuhamisha mkoba wake kutoka kiti cha pembeni yangu hadi mapajani. Baada ya siku chache za hayo nikaanza kujivalisha sare. Nilivaa koti la suti hata kwenye jua, nikaning'iniza kamera kifuani, nikashika kitabu cha watalii jalada likiwa nje. Nilitaka mtu anione kutoka mbali ajue: huyu hakuja kwa mashua.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia, si baani. Baani lilitoka tu nje.

Siku ya Alhamisi, kama saa nne asubuhi, niliingia baa iliyo kwenye barabara kuu. Baa za kule ni kama vijiwe vyetu vya kahawa pale Ngamiani, tofauti ni kwamba hapana dele wala kashata, na kahawa yenyewe ni funda mbili. Wazee wanne walikuwa wakicheza karata. Mmoja akauliza habari ya kamera, mwingine akauliza ninatoka wapi. Nikasema Tanzania. “Kilimanjaro!” akasema. Nikasema ndiyo, Kilimanjaro, kama kwamba niliujenga. Wakaniita professore. Wakanilipia kahawa. Nikavuta kiti, nikawaeleza kwa Kiitaliano changu cha siku kumi kwamba nimemfuata mtakatifu wao, wakatikisa vichwa kwa furaha. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nitue kwamba nimekaa mahali bila kujiangalia mwenyewe kutoka nje. Niliionea raha nafasi ile, na nikaogopa kunyang'anywa.

Mlango ukafunguka. Akaingia kijana mweusi, mrefu, wa miaka kama ishirini, ana mabuti yenye tope na koti la kazi linalonuka kondoo. Akatazama huku na huku, akaniona, uso wote ukafunguka. Akaja moja kwa moja mezani, mkono umenyooka.

“Asalaam aleikum, anko.”

Kutoa salamu ni sunna, kuijibu ni wajibu. Hilo tulifundishwa chuoni kabla hatujaweza kuandika majina yetu, na maalimu wetu alikuwa na henzirani ya kulisisitizia. Halihitaji kufikiri, mdomo hujibu wenyewe, hata usingizini. Mimi nilifikiri. Niliutazama ule mkono, nikaona kucha zenye udongo, nikaona wazee wametuangalia sisi wawili kwa mtazamo mmoja, nikasema, “Buongiorno.” Niliisema vile unavyomwambia muuza duka usiyetaka kununua kwake kitu.

Mwenye baa, akipangusa vikombe, akaniuliza kwa wema kabisa: ni rafiki yako?

Nikasema: “Hapana, hapana. Simjui. Mimi ni mtalii, nina viza.”

Hakuna aliyeniuliza habari ya viza.

Na kijana alijua Kiitaliano kuliko mimi. Alikuwa ameyaelewa yote matatu: simjui, mtalii, viza. Aliurudisha mkono taratibu akauweka kifuani, akasema kwa Kiingereza cha kwao Gambia kwamba hakuna shida, anko. Kisha akageukia kaunta, akachukua mkate wake. Ndipo lilipotokea jambo ambalo hadi leo likinijia ninapokuwa barabarani husimama. Mzee mmoja wa karata alimtupia neno kwa ile lugha yao, si kwa Kiitaliano. Kijana akamjibu kwa lugha hiyohiyo, haraka, na meza nzima ikaangua kicheko. Mwingine akamuuliza habari za kondoo fulani aliyezaa. Akamjibu. Akawaaga kila mmoja kwa jina, akatoka.

Wazee wakarudi kwenye karata zao. Hakuna aliyenisema vibaya, wala aliyenitazama kwa jicho. Waliniacha tu nikae na kikombe changu kitupu. Kahawa ya pili nililipa mwenyewe.

Nilizunguka na kamera hadi magharibi. Nilipiga picha milango, paka, ngazi, farasi weusi wawili waliofungwa kando ya kanisa; farasi wa San Fratello wana jina, hufugwa huria misituni. Nilikuwa nikikwepa kurudi nyumbani. Niliporudi bibi alikuwa jikoni, akaniuliza kabla sijavua koti: “Amekupata?”

Nani?

Akanitajia jina. Yule kijana aliye kwa wachungaji, anayemletea kuni. Bibi mwenyewe ndiye aliyemtuma. Alimwambia kuna mgeni kutoka Afrika, Mwislamu kama wewe, yuko peke yake wiki ya sikukuu ya watu wengine, nenda ukamsalimu. Akaendelea kusimulia huku akikata vitunguu. Kijana alifika mlimani akiwa na miaka kumi na saba, alikuwa amepita jangwani na Libya. Mara ya kwanza kumkaribisha chakula bibi alimpikia soseji, mtoto akala mkate mtupu akisema ameshiba. Akaja siku ya pili, vilevile. Ya tatu ndipo akamweleza, kwa aibu, kwamba haruhusiwi. “Ndiyo maana nilijua,” akasema, akinionyesha ile sahani kwa ncha ya kisu. Sasa wasiwasi wa kijana ulikuwa karatasi. Alikuwa na kibali cha hifadhi ya kibinadamu, na Oktoba 2018 serikali ilikuwa imetoa amri ya kukifuta kibali cha namna hiyo. Kikiisha muda hajui atapewa kipi kingine.

Kwa hiyo neno viza nililolitupa mezani pale lilikuwa limeangukia hapo.

Bibi akanitazama. “Basi, amekupata?”

Nikasema: “Sikumwona. Labda tulipishana.”

Mji una barabara kuu moja. Kwa mama yangu ni Mlalo, kule Usambara, na mji wa mlimani naujua tangu mtoto: ukinunua kiberiti kwa mkopo dukani, shangazi yako juu ya kilima anauliza deni kabla hujamaliza kupanda. Yule bibi alikuwa na majirani pande tatu na dada kwenye kona ya baa. Bila shaka alijua tayari. Nadhani aliuliza mara ya pili ili kunipa mlango wa kutokea. Akarudi kwenye vitunguu vyake, akasema, “Labda.”

Ijumaa ilikuwa siku yao kubwa. San Fratello wana desturi isiyo mahali pengine: siku tatu kuelekea Pasaka, wanaume huvaa koti na suruali nyekundu zenye mistari ya manjano, kofia ya kitambaa inayofunika uso mzima, ulimi mrefu umening'inia mdomoni, mkia wa mnyama nyuma, minyororo mkononi. Huitwa Giudei, yaani Mayahudi, jina lililobeba chuki ya zama za kale ambayo sasa hakuna anayeisemea sana. Kazi yao ni kuivuruga huzuni. Maandamano ya msalaba yakipita kimya, wao hupuliza tarumbeta, huruka, hupanda kwenye vizuizi vya ngazi, hucheka. Mmoja alinijia akapuliza tarumbeta mbele ya pua yangu, akanitikisia ulimi ule, watu wakacheka, na mimi nikacheka, lakini magoti yalikuwa yamelegea. Nilikuwa nimeamini kwa dakika moja nzima kwamba ni yeye.

Hakuwa yeye. Yeye alikuwa ng'ambo ya barabara, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, amemshika bibi mkono kwenye ngazi zinazoteleza, na mkoba wa bibi ameuning'iniza begani kwake bila kuona haya. Aliniona. Akanitikisia kichwa kidogo, kama mtu anayesema njia ni pana. Palikuwa na hatua kumi kati yetu. Nilichofanya ni kuinua kamera.

Jumamosi nilifungasha. Basi langu lilikuwa la saa saba mchana. Nilitia euro 50 ndani ya bahasha, nikaifunga kwa mate, nikampa bibi: “Naomba umpe yule kijana.”

“Yule ambaye hukumwona?” akauliza.

Sikuwa na neno. Akaipokea, akaiweka juu ya televisheni. Akaniambia kijana anarudi kutoka malishoni saa tisa, nimsubiri, nimpe mwenyewe, basi jingine lipo. Nikasema nitakosa treni. Treni za kwenda Palermo zilikuwa zaidi ya moja mchana ule, na yeye alijua, na ratiba ilikuwa imebandikwa kwenye friji yake kwa sumaku yenye picha ya mtakatifu mweusi. Aliniaga kwa kunibusu mashavu yote mawili kama desturi yao. Ningependa angekataa.

Palermo, hotelini, nilifungua begi nitoe mswaki. Alikuwa ameniwekea jibini zima, amelifunga kwa taulo la jikoni lililofuliwa. Chini yake ilikuwa bahasha, imelala bapa, haijafunguliwa.

Nilikuwa nimepanga siku ile iliyobaki kwenda Santa Maria di Gesù, ile monasteri chini ya mlima ambako mwili wa Benedetto ulikuwa umehifadhiwa kwenye kioo. Ndiyo ilikuwa safari yenyewe, ndiyo iliyonitoa kwenye kundi. Nililala kitandani na viatu miguuni hadi usiku. Julai 2023, moto wa msituni uliozunguka Palermo ulishuka na upepo ukaiunguza monasteri ile, na mwili ule ukaungua, yakasalia mabaki machache. Nilisoma habari hiyo kwenye simu, ofisini, vijana wakiwa kwenye mtihani wa majaribio. Nikatoka nje nikampigia bibi.

Sikutegemea kwamba angekuwa hai bado. Alikuwa hai, ila masikio yalikuwa yamechoka, na Kiitaliano changu kilikuwa kimechoka zaidi. Nilipiga kelele uani kwa walimu mara tatu kwamba mimi ni yule mgeni wa Tanzania, hadi akasema, “Ah. Professore.” Tukazungumza habari ya moto. Akalia kidogo kwa ajili ya mtakatifu wake. Kisha nikauliza habari za yule kijana.

Ameondoka, akasema. Mwaka ule wa korona alikwenda Ujerumani, yuko ghalani, hufungasha mizigo usiku. Humpigia kila Jumapili. Nikaona mazungumzo yamefika mahali pa kuishia, nikaanza kuaga, akanikatiza: ngoja nikachukue miwani. Nikasikia droo zikivutwa. Akanisomea namba, tarakimu moja moja, akirudia kila ya tatu. Sikuwa na karatasi. Nilikuwa nayo ile bahasha kwenye pochi, hadi sasa ninayo, noti imo ndani. Nikaandika nyuma yake. Akanitajia na jina, kwa mara ya tatu, maana zile mbili za kwanza nilikuwa nimelisahau kabla treni haijafika Palermo. Nalo nikaliandika. Hapa silitaji, ni lake.

Picha ya ile Ijumaa ipo. Kamera nilikuwa nimeielekeza kwa Giudei wawili juu ya kizuizi, tarumbeta zao zikimeta. Pembeni kabisa kushoto amesimama yeye na mkoba wa bibi begani, anaitazama lensi.

Namba ile nimeipiga mara moja, Jumatatu moja usiku, nikihesabu kwamba atakuwa yuko kazini. Iliita mara mbili, ikapokelewa. Nikasikia sauti ya mashine, na juu yake sauti ya mtu mzima, nzito kuliko ninavyoikumbuka, ikisema asalaam aleikum. Nikakata.